Mji Upimwe kwa Kipimo Gani? Nadharia za Miji na Mfano wa Njombe na Makambako

UTANGULIZI

Katika madarasa ya siasa swali moja hurudi kila mwaka: Je, Makambako ni mji? Wapo wanafunzi wanaojibu kuwa ni mji, kwa sababu una Halmashauri ya Mji, una stendi, stesheni ya reli, mabenki na maghala. Wapo wanaokataa, wakisema kwamba watu wanaoamka asubuhi na kwenda shamba hawawezi kuitwa watu wa mjini. Ubishi ukipamba moto, hatimaye huzuka mtu akasema: "Mji ni Dar es Salaam. Na Dar es Salaam nayo, ukiilinganisha na London, ni kijiji."

Swali hili linaweza kuonekana la mzaha, lakini lina uzito mkubwa katika kazi ya kada. Jibu tunalolitoa ndilo linaloamua nani aitwe mkazi na nani aitwe mvamizi. Shamba la nani lipimwe viwanja, na kwa fidia gani. Mama anayeuza nyanya kando ya barabara kuu aachwe, atafutiwe mahali, au afukuzwe. Nyuma ya kila uamuzi wa namna hiyo ipo nadharia, hata kama mwamuzi mwenyewe hajui kwamba anayo. Nadharia isiyojulikana na mwenyewe ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu haihojiwi.

Katika makala hii tutaeleza kwa kifupi mjadala mkubwa wa wanazuoni juu ya namna ya kuieleza miji ya dunia na kuilinganisha, kisha tutaupima mjadala huo kwa hali halisi ya Njombe na Makambako. Hoja yetu ni moja. Mji huelezwa na mahusiano yanayouzaa na kuulisha: nani anazalisha, nani anachukua ziada, na kwa njia ipi. Kulinganisha miji ni kazi ya lazima. Lakini tulinganishe mahusiano hayo kabla ya kuhesabu maghorofa.

I. NADHARIA YA NGAZI

Nadharia iliyotawala kwa muda mrefu ilizaliwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1925 Robert Park, Ernest Burgess na Roderick McKenzie walichapisha kitabu The City. Humo Burgess aliuchora mji kama duara ndani ya duara: katikati biashara, likifuatiwa na eneo la wahamiaji wapya na wanyonge, kisha nyumba za wafanyakazi, na nje kabisa makazi ya wenye nacho. Mwaka 1938 Louis Wirth alieleza kwamba mji ni makazi ya kudumu yaliyo makubwa, yaliyosongamana, na yenye watu wasiofanana. Hali hizo, kwa maoni yake, huzaa maisha ya aina ya pekee: watu hufahamiana juu juu, udugu hulegea, na kila mtu hushika lake.

Wanazuoni hao waliichunguza Chicago kwa bidii, na hilo hatuwanyimi. Kosa lilikuja pale Chicago ilipofanywa kuwa mji wenyewe, na miji mingine yote kuonekana kama Chicago ambazo hazijakomaa. Chicago ile ilikuwa mji wa reli, machinjio na viwanda, uliojazwa na wahamiaji kutoka Ulaya na watu weusi waliokimbia majimbo ya kusini. Duara zake zilichorwa na soko la ardhi la kibepari na ubaguzi wa rangi. Ukiyaondoa hayo mawili, duara hazibaki.

Afrika nayo ilipandishwa kwenye ngazi hiyo hiyo. Mahali palipochunguzwa kuliko pote ni Ukanda wa Shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Taasisi ya Rhodes-Livingstone, iliyoanzishwa mwaka 1937, ilituma huko watafiti wengi, wakiwemo Max Gluckman na Clyde Mitchell. Lazima tuwape haki yao: waliukataa uwongo wa wakoloni kwamba Mwafrika mjini ni mgeni wa kupita ambaye kwake ni kijijini tu. Gluckman alisisitiza kwamba mchimba madini wa Kiafrika achambuliwe kwanza kama mchimba madini. Hata hivyo, picha iliyotokana na utafiti wa Ukanda wa Shaba kwa ujumla ilikuwa ya safari ya njia moja: mtu anatoka kabila anaingia tabaka, anatoka kijiji anaingia mji, na harudi nyuma.

Historia ikaikanusha picha hiyo. Bei ya shaba duniani iliporomoka katikati ya miaka ya 1970. Sensa ya Zambia ya mwaka 1980 ilionyesha kwamba watu wapatao 40 katika kila 100 waliishi mijini. Ile ya mwaka 2000 ikaonyesha wapatao 35. Watu walirudi vijijini kulima. Mwaka 1999 James Ferguson alichapisha kitabu Expectations of Modernity, juu ya wafanyakazi wa Ukanda wa Shaba walioahidiwa kupanda ngazi, kisha ngazi ikakatika wakiwa katikati. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu Ukanda wa Shaba na Makambako vimeunganishwa na reli moja.

II. MJI KAMA ZAO LA MFUMO WA UZALISHAJI

Pigo la kwanza kubwa dhidi ya nadharia ya ngazi lilitoka kwa wanazuoni waliofuata uchambuzi wa kitabaka. Henri Lefebvre nchini Ufaransa aliandika mwaka 1968 juu ya haki ya watu kuumiliki mji wanaoujenga. Manuel Castells, mwaka 1972, aliishambulia waziwazi nadharia ya Wirth: yale yanayoitwa "maisha ya mjini", alisema, ni maisha ya ubepari wa viwanda yaliyovikwa vazi la mahali. David Harvey, mwaka 1973, alionyesha kwamba mji ni mahali ambapo ziada ya jamii hukusanywa na kuwekezwa, na kwamba kodi ya ardhi ni njia mojawapo ya kunyonya.

Afrika Mashariki haikungoja kufundishwa hayo kutoka Paris. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kuonya kwamba wakazi wa mijini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa wakulima, kwa kuwa mikopo ya kigeni hujenga zaidi mijini lakini hulipwa kwa mazao ya mashambani. Mwaka 1972 Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza jinsi reli na barabara za kikoloni zilivyoelekezwa baharini, kutoka penye mali kwenda penye meli. Miji iliyoota kwenye njia hizo ilikuwa mirija. Mahali pa swali la "mji huu umefika ngazi ya ngapi?" likaja swali bora zaidi: "mji huu unavuta nini, kutoka kwa nani, na unampelekea nani?"

Upungufu wa mkondo huu ulikuwa mmoja. Wengi wa wafuasi wake waliiona miji ya nchi zinazotawaliwa kama kivuli tu cha nguvu za mbali, kana kwamba wananchi wake hawakuamua wala kujenga lolote. Mchambuzi anayeona mrija tu hatamwona mtu aliyeshika mrija, wala yule anayejaribu kuukata.

III. ORODHA YA MIJI YA DUNIA

Miaka ya 1980 ngazi ilirudi ikiwa imevaa nguo mpya. John Friedmann mwaka 1986, na Saskia Sassen mwaka 1991, walieleza kwamba uchumi wa dunia unaongozwa kutoka miji michache yenye mabenki na makampuni makubwa. Sassen aliichambua New York, London na Tokyo. Uchambuzi wao ulikuwa na ukweli ndani yake, kwa sababu maamuzi juu ya bei ya chai au shaba kweli hufanywa mbali. Lakini kutokana nao ikazuka desturi ya kupanga miji yote kwa daraja, ya kwanza hadi ya mwisho. Miji mingi ya Afrika haikuingia hata kwenye orodha.

Jennifer Robinson, mwanajiografia aliyewahi kufundisha Durban, aliijibu desturi hiyo katika kitabu chake Ordinary Cities cha mwaka 2006. Alisema dunia ya taaluma imeigawa miji mafungu mawili: miji ya Kaskazini inatoa nadharia, miji ya Kusini inatoa matatizo. Kwake kila mji ni mji wa kawaida: una uvumbuzi wake na shida zake, na unaweza kuufundisha mwingine. London inaweza kujifunza kwa Lusaka kama Lusaka inavyojifunza kwa London.

IV. MJADALA WA LEO

Tangu hapo wanazuoni wamegawanyika, na makada wanapaswa kuzijua kambi tatu kuu.

(a) Kambi ya kwanza ni ya Robinson na Ananya Roy, ambaye mwaka 2009 alidai nadharia za miji zizaliwe pia kutokana na miji ya Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Nguvu ya kambi hii ni kuvunja kiburi cha Kaskazini. Hatari yake ni kwamba, ikipokelewa bila uangalifu, kila mji hugeuka kisiwa: "kwetu ni tofauti", na uchambuzi unaishia hapo.

(b) Kambi ya pili ni ya Allen Scott na Michael Storper. Mwaka 2015 walijibu kwamba tofauti zisitufumbe macho. Miji yote, walisema, ina kiini kimoja: shughuli hukusanyika pamoja kwa sababu ukaribu una faida, na kukusanyika huko huzaa vita vya kugombea ardhi. Nguvu ya hoja hii ni kutukumbusha kwamba sayansi hutafuta sheria za jumla. Udhaifu wake ni kuuanzia mji katikati, penye soko, na kusahau mkono uliochagua soko liwe wapi.

(c) Kambi ya tatu ni ya Neil Brenner na Christian Schmid. Wakilifuata wazo la Lefebvre la mwaka 1970, wanasema hakuna tena mpaka kati ya mji na kisicho mji. Mashamba, migodi, misitu na bahari vyote vimeingizwa katika mfumo mmoja wa dunia unaoilisha miji. Nguvu ya hoja hii ni kuliona shamba ndani ya mji. Udhaifu wake ni kwamba, kila kitu kikiwa mji, neno mji halimsaidii tena diwani anayetakiwa kuamua leo bomba la maji lipite mtaa gani.

Ni ipi iliyo sahihi? Nadharia hupimwa kwa hali halisi. Basi twende kwenye hali halisi.

V. NJOMBE NA MAKAMBAKO: MIJI MIWILI, ASILI MBILI

Miji hii miwili iko umbali wa kilometa 60 hivi, katika mkoa mmoja, Mkoa wa Njombe uliotengwa kutoka Iringa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu wapatao 130,000 katika Halmashauri ya Mji wa Njombe na wapatao 94,000 katika ile ya Makambako. Mtu wa nadharia ya ngazi angesema: Njombe iko mbele, Makambako inafuata. Akishasema hivyo hajaeleza kitu.

Njombe ni zao la utawala na mashamba. Waingereza waliifanya makao ya wilaya. Kwa miaka mingi wilaya hiyo ilikuwa ghala la manamba: Wabena, Wapangwa na Wakinga walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko, wakiacha mashamba mikononi mwa wanawake. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha kampuni ya miwati, TANWAT, ili magamba ya miti hiyo yatoe dawa ya kulainishia ngozi katika viwanda vya mbali. Mtu aliyechuma magamba hayo Kibena alikuwa tayari ndani ya uchumi wa miji ya Ulaya, ingawa hakuwahi kuiona. Hapa kambi ya tatu inasema kweli. Na leo parachichi zinazotoka vijiji vya Njombe kwenda Ulaya na Asia zinaurudia ukweli huo kwa zao jingine.

Makambako ni zao la njia, na njia ni zao la siasa. Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao haramu tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibanwa, kwa sababu shaba yake ilitegemea njia za kusini. Benki za Magharibi zilikataa kugharamia reli ya kwenda Dar es Salaam. China ikatoa mkopo usio na riba. Ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, yenye mahandaki na madaraja mengi. Palepale reli ikakutana na barabara kuu ya Zambia, na katika miaka ya 1980 ikaongezwa lami ya kwenda Njombe na Songea. Makambako ikawa njia panda ya Nyanda za Juu Kusini.

Faida ya ukaribu, wanayoisema Scott na Storper, ipo Makambako kweli: maghala, magereji, nyumba za wageni na wafanyabiashara wa Kikinga wamekusanyika pale. Lakini faida hiyo haikuota yenyewe. Iliundwa na uamuzi wa kisiasa wa nchi tatu, wa kuvunja utegemezi kwa walowezi. Nadharia inayouanzia mji sokoni haiwezi kuiona reli hiyo ilikotoka.

Wala mradi haukubaki kama ulivyopangwa. Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 juu ya TAZARA, alichunguza stakabadhi za mizigo midogo na kuonyesha kwamba wakulima na wachuuzi wa kati ya Kidatu na Makambako waliigeuza treni ya abiria kuwa soko lao: mpunga, ndizi na nguo vilisafiri stesheni hadi stesheni. Reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba ikawalisha wanyonge wa njiani. Hapo ndipo kambi ya Robinson na Roy inapopata nguvu yake: watu wa miji midogo ni watendaji.

Sasa tuulinganishe mwisho huu wa reli na mwisho ule. Ukanda wa Shaba ulitegemea zao moja, mwajiri mkubwa na bei iliyoamuliwa ng'ambo. Bei ilipoanguka, miji ilisinyaa. Makambako inategemea mazao mengi ya wakulima wadogo: mahindi, viazi, maharage, mbao. Bei ya viazi ikianguka, bado pana mahindi. Mtu mwenye jembe nyuma ya mlango, ambaye nadharia ya ngazi inamcheka, ana akiba ambayo mchimba shaba hakuwa nayo. Ulinganisho wa namna hii unafundisha, kwa sababu tumeuliza swali moja pande zote mbili: ziada inatoka wapi na inakwenda wapi?

VI. ZIADA INAVYOVUKA KUTOKA SHAMBA KWENDA MJINI

Makada wasidhani kwamba uzuri wa mji mdogo unafuta unyonyaji. Tuchukue lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Mnunuzi wa viazi anafika shambani na gunia lililoshonewa kilemba. Tuseme limebeba kilo 130, naye analilipa kama gunia moja. Mkulima ametoa kilo 30 bure, yaani karibu robo ya jasho lake. Sokoni Dar es Salaam viazi hivyo huuzwa kwa sado na kwa fungu, kila kilo kwa bei yake. Ndani ya kilemba kile upo uhusiano mzima wa mji na shamba, na hakuna orodha ya miji ya dunia itakayokionyesha.

Aidha, mpaka wa mji wenyewe ni uhusiano. Ndani ya Halmashauri ya Mji wa Njombe kuna mitaa, na kuna vijiji. Shamba likigeuzwa kiwanja, thamani yake hupanda kwa sababu umma umeleta barabara na umeme. Nani anaichukua thamani hiyo: mwenye shamba, Halmashauri, au mlanguzi aliyepata habari mapema? Harvey alikwisha kuliuliza swali hilo, na linajibiwa kila siku katika ofisi za ardhi.

VII. NADHARIA KATIKA VITENDO

Tumewahi kuona kinachotokea nadharia inapokosewa. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa mwaka 1969 hadi 1974 uliteua miji tisa ya kukuza: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. Nia ya kupunguza uzito wa Dar es Salaam ilikuwa sahihi. Lakini Njombe na Makambako hazikuwemo; zilikua kwa kazi ya wakulima, wachuuzi na njia. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Watu wasio na ajira rasmi walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani, na wengi wao walirudi. Onyo la Azimio juu ya miji kunyonya vijiji lilisomwa kana kwamba mnyonyaji ni muuza karanga. Mwaka 2021 wamachinga walihamishwa kutoka kando za barabara nchini kote. Mahali walipopewa eneo penye wateja, walikaa. Mahali walipopelekwa mbali na wateja, vibanda vilibaki vitupu. Tofauti hiyo iliwategemea wale walioketi kuchagua eneo, na picha ya mji waliyokuwa nayo kichwani.

Utafiti unatupa sababu ya kuijali miji midogo. Luc Christiaensen, Joachim De Weerdt na Yasuyuki Todo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, waliwafuatilia watu wa Kagera tangu mwanzo wa miaka ya 1990 hadi 2010. Waliona kwamba karibu nusu ya walioondokana na umaskini walifanya hivyo kwa kuacha kilimo na kuingia shughuli nyingine za vijijini au za miji midogo. Waliofanikiwa kwa kuhamia jiji kubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba. Mji mdogo uko karibu, nauli yake ni ndogo, na ndugu wapo. Kada anayengoja Makambako "ifike" Dar es Salaam ndipo aihesabu, anakipita kituo ambacho wanyonge wengi wanashukia.

Jambo hili ni la haraka. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Reli ikifufuka, ardhi ya njia panda itapanda thamani, na wenye fedha watafika kabla ya treni.

HITIMISHO

Kambi zote tatu zina chembe ya ukweli, na hakuna inayojitosheleza. Kuna sheria za jumla, lakini siasa huziwekea uwanja. Kila mji una upekee wake, lakini upekee huo umeshonwa kwa uzi unaopita miji mingine. Shamba limo ndani ya mji, lakini bado yupo anayebeba kilemba na yupo anayekishona. Kada anayechunguza mji aanze shambani, aufuate mzigo hadi ghalani na sokoni, aandike kila mahali ziada inapobadili mikono. Ndipo aulinganishe na mji mwingine uliochunguzwa kwa njia hiyo hiyo. Ramani ya viwanja ichorwe baada ya kazi hiyo.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Taja zao moja linalopita katika mji wenu. Nani hupima uzito wake, na nani hupanga bei?

2. Shamba likiingizwa katika mpango wa viwanja, ongezeko la thamani yake ni haki ya nani? Eleza sababu.

3. Linganisheni mji wenu na Makambako kwa kufuata njia ya ziada. Ni lipi ambalo Makambako inaweza kujifunza kwenu, na ni lipi mnaloweza kujifunza kwake?